SOMO LA WIKI: Daftari la ghala kwenye kompyuta, nani ana ruhusa?

Msimu wa mahindi unapofika Ufipa, daftari la ghala ni mtaji. Humo mna magunia yaliyoingia, bei zilizokubaliwa na madeni ya wakulima. Mfanyabiashara wa Izia, mjini Sumbawanga, anayeweka daftari hilo kwenye kompyuta inayotumiwa pia na karani na mtunza ghala, ajue kwamba neno la siri la kuingilia halitoshi. Mtu akishaingia, kinachoamua afungue au abadilishe faili gani ni orodha ya ruhusa ya faili lenyewe.

Orodha hiyo imekuwamo tangu Windows NT ya mwaka 1993, kwenye diski zenye mpango wa NTFS. Kila faili na kila folda hubeba jina la mmiliki na orodha ya walioruhusiwa au kukatazwa.

KUSOMA ORODHA: Kwenye dirisha la amri huandikwa icacls, kisha jina la faili au folda. Majina hutokea pamoja na herufi. F ni ruhusa zote. M ni kusoma, kubadilisha na kufuta. R ni kusoma tu. Herufi I ndani ya mabano huonyesha ruhusa iliyorithiwa, hivyo ukaguzi uanzie folda ya juu. Likionekana neno Everyone pamoja na F, daftari liko wazi kwa kila anayeingia.

KWA MTUNGA PROGRAMU: Programu ya mahesabu inaweza kusoma orodha hiyo yenyewe kwa kuita GetFileSecurity, huduma ya Windows. Huitwa mara mbili. Mara ya kwanza hupewa nafasi sifuri. Mfumo hukataa, lakini hutaja ukubwa unaotakiwa. Mara ya pili nafasi hiyo hutengwa na taarifa hupokelewa. Ni kama kuuliza idadi ya magunia kabla ya kukodi lori. Anayeuliza awe mmiliki wa faili au awe na haki ya kusoma ruhusa zake.

HADHARI MBILI: Kwanza, orodha iliyopo lakini tupu humfungia kila mtu, bali faili lisilo na orodha kabisa humfungulia kila mtu. Programu isiyotofautisha hayo itatoa taarifa ya uongo. Pili, faili likinakiliwa kwenye flashi ya FAT32, ruhusa zake hazifuati.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Hata hivyo, kesi hufunguliwa hasara ikiwa imeshatokea.

USHAURI: Kabla ununuzi haujaanza, karani apewe kubadilisha, mtunza ghala kusoma tu, na wengine waondolewe. Orodha isomwe tena kila mfanyakazi anapoacha kazi.