UFINI NA TAITA TAVETA: TUMELINGANA WAPI, TUMEACHANA WAPI?

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, kichwa changu kimejaa hesabu. Muhula uliopita, katika mjadala wetu wa Ijumaa, hoja ilikuwa kwamba mahali padogo na maskini hapawezi kulinganishwa na nchi tajiri. Upande wa kuunga mkono ulisimama na takwimu. Ati Ufini, nchi iliyoko kaskazini kabisa mwa Ulaya, pato la mtu mmoja kwa mwaka linapita dola 50,000, na letu sisi Wakenya ni kama dola 2,000 tu. Watu wakapiga makofi, tukaenda kula. Mimi nilikuwa upande wa kupinga na tulishindwa vibaya. Makala haya ndiyo majibu yangu, maanake siku ile kengele ililia kabla sijafika nilikotaka kufika.

Ningetaka kuanza na onyo. Anayelinganisha lazima achague vizuri cha kulinganisha. Chukua Denmark, nchi nyingine tajiri ya pande hizo za kaskazini, uiweke kando ya visiwa vya St. Thomas, St. John na St. Croix kule Karibea. Ukitazama ukubwa na mali peke yake utacheka: moja ni nchi yenye nguvu, vingine ni visiwa vidogo ambavyo hata havijitawali. Lakini visiwa hivyo vilikuwa vya Denmark! Wadenmark walianza makazi yao St. Thomas mwaka wa 1672, wakalimisha miwa kwa nguvu za watumwa kutoka Afrika hadi utumwa ulipokomeshwa huko mwaka wa 1848, na mwaka wa 1917 wakaviuza kwa Marekani kwa dola milioni 25. Sasa hao utawalinganishaje kana kwamba walikimbia mbio moja? Mmoja alikimbia akiwa amebebwa mgongoni na mwenziwe.

Ufini haiko hivyo, na hapo wenzetu wa upande wa pili walinisaidia bila kujua. Ufini haikuwa na koloni hata moja. Yenyewe ndiyo iliyotawaliwa, kwanza na Uswidi kwa karne nyingi hadi mwaka wa 1809, kisha na Urusi hadi Desemba 6, 1917 ilipojitangazia uhuru. Kwa hiyo naona ni haki kuiweka mezani pamoja na kwetu.

Haya, tuje kwa hesabu. Ufini ina ukubwa wa kilomita za mraba 338,000 hivi, na watu kama milioni 5.6. Taita Taveta ina kilomita za mraba 17,084, na katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 tulikuwa watu 340,671. Kwa ukubwa hatuwafikii, wanatuzidi mara ishirini. Lakini chukua kalamu ugawe. Kwao, ukiondoa maziwa, kila kilomita ya mraba ina watu kama 18. Kwetu ni watu 20. Niligawa mara tatu nikidhani nimekosea. Tumelingana!

Mwenye macho atasema: ngoja kwanza, hao 20 wako wapi? Kweli, asilimia 62 hivi ya kaunti yetu ni Mbuga za Tsavo, na mbugani hakuna shamba la mtu. Ukiitoa Tsavo, zinabaki kilomita za mraba kama 6,500, na watu wanakuwa 52 kwa kila moja. Hata hao 52 hawakuenea sawasawa. Panda matatu hapa Voi uende Wundanyi uone jinsi mashamba yalivyobanana mlimani, ngazi juu ya ngazi, halafu uangalie tambarare ya Maungu ambako unaweza kutembea nusu saa bila kukutana na nyumba. Wafini nao wamejaa kusini, na kule kaskazini, Laplandi, wako wachache wanaofuga kulungu wa baridi. Tofauti ni kwamba msituni kwao mtu yeyote anaruhusiwa kuingia na kuchuma matunda mwitu na uyoga, hata kama msitu ni wa mwingine. Hiyo ni haki ya kila mtu tangu zamani. Huku kwetu ukiingia Tsavo kuokota kuni umevunja sheria, lakini ndovu akitoka Tsavo kuingia shambani kwa bibi yako, yeye havunji kitu.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni mvua. Tumezoea kusema Voi ni kukavu kwa sababu mvua hakuna. Basi sikilizeni. Helsinki, mji mkuu wa Ufini, hupata mvua na theluji ya kiasi cha milimita 650 kwa mwaka. Voi hupata milimita 550 hivi. Tofauti ni ya kidole kimoja cha maji ndani ya mwaka mzima! Na bado wao wana maziwa 188,000, ukihesabu na vidimbwi vikubwa, na sisi tunapanga mitungi foleni.

Mvua ikiwa karibu sawa, maji yanakwenda wapi? Jibu la kwanza liko juu vichwani mwetu. Joto la Voi kwa wastani ni nyuzi 25, na jua hili linaweza kunywa maji kuliko mvua inavyoyaleta. Helsinki wastani ni nyuzi 6 tu, na kwa miezi kadhaa maji yamelala chini kama theluji, hayaendi popote mpaka yayeyuke. Jibu la pili ni la kale: barafu nzito iliyofunika nchi ile maelfu ya miaka iliyopita ilichimba mabonde na mashimo, ilipoyeyuka ikaacha bakuli tele za kukingia maji. Sisi hatukuchimbiwa na barafu. Mvua zetu nazo huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, zikishuka kwa fujo na kwenda zake na mto Voi, na baada ya wiki mto huo ni mchanga mtupu.

Lakini msidhani Mungu alitusahau. Mzima Springs iko ndani ya kaunti hii hii, katika Tsavo Magharibi. Maji yale ni mvua ya milima ya Chyulu iliyopita chini ya mawe ya volkano kwa miaka mingi, ikachujika, ikatokea safi kama kioo, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitandika bomba la kilomita 220 hivi mpaka Mombasa. Silalamiki kwamba Mombasa wanakunywa. Wao ni watu, na wengine wetu tuna shangazi huko. Nasema tu kwamba huwezi kusimama mbele ya darasa ukasema Taita Taveta ni maskini wa maji, ukanyamaza kuhusu bomba. Ufini ina maziwa na pia ndiyo inayoamua maji ya maziwa hayo yaende wapi. Hayo ni mambo mawili, na mjadala wetu uliyahesabu kama moja.

Wenzetu walisema pia Wafini ni matajiri "tangu jadi". Hapa nilitaka kuruka kutoka kitini! Miaka ya 1866 hadi 1868 mavuno ya Ufini yaliharibika kwa baridi na mvua mbaya, na njaa iliyofuata iliua watu kama 150,000, yaani karibu watu wanane katika kila mia. Walisaga gome la msonobari wakachanganya na unga kuokea mkate. Wazee wetu wana kumbukumbu ya njaa ya Mwakisenge ya miaka ya 1880 hapa Taita, iliyowafanya watu waache vijiji vyao. Njaa hizo mbili hazikupishana hata miaka ishirini. Mfini na Mtaita wa siku zile wangekutana wangeelewana bila mkalimani.

Walifanya nini basi baadaye? Mengi, nami si mwanahistoria, nitataja matatu tu yaliyonigusa.

La kwanza linatuhusu sisi wa Chama hiki. Katika Ufini ya wakati ule, mahakamani, ofisini na shule za juu lugha ilikuwa Kiswidi. Kifini kilikuwa cha wakulima. Daktari mmoja, Elias Lönnrot, alizunguka vijijini akikusanya tungo za wazee, akazitoa kitabuni mwaka wa 1835 kwa jina la Kalevala. Mwaka wa 1858 ikafunguliwa shule ya sekondari ya kwanza ya Kifini katika mji wa Jyväskylä, na mwaka wa 1863 ikatoka amri kwamba Kifini kipewe nafasi sawa na Kiswidi ndani ya miaka 20. Yote hayo walipokuwa bado maskini, na ile njaa kubwa bado haijafika. Sisi Kiswahili tunacho, na kinatuunganisha na nusu ya Afrika Mashariki. Lakini Kidawida, Kisaghala na Kitaveta? Niliwauliza wanafunzi wa darasa letu ni nani anayeweza kusimulia kisa kimoja cha nyanya yake kwa Kidawida mwanzo hadi mwisho. Walioinua mikono walihesabika, na mimi mkono wangu ulikuwa chini.

La pili ni ardhi, na hapa ndipo penye uchungu. Wafini wengi walikuwa wapangaji katika mashamba ya wakubwa, wakilipa kodi kwa siku za kazi. Mwaka wa 1918, baada ya vita vibaya vya wenyewe kwa wenyewe, ilipitishwa sheria ya kuwawezesha kununua vishamba walivyokuwa wakilima. Tena walipopokonywa zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nchi yao na Urusi ya Kisovieti katika vita vya 1939 hadi 1944, watu zaidi ya 400,000 walihama kutoka huko, na sheria ya mwaka wa 1945 ikawatafutia mashamba na viwanja. Leo asilimia 60 hivi ya misitu ya Ufini ni mali ya watu binafsi na jamaa zao.

Na kwetu? Mwaka wa 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba wanawasaidia Wajerumani, wakawahamisha hadi Malindi, na wengi walifia huko. Mashamba makubwa ya mkonge yalichukua tambarare za Voi, Mwatate na Taveta. Ukifika Taveta utaonyeshwa jumba la Ewart Grogan juu ya kilima, kama ngome. Wazee hawakukaa kimya: Chama cha Milima ya Taita, akina Woresha Mengo, kilipigania ardhi mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwaka wa 1940 kikapigwa marufuku na viongozi wake wakazuiliwa. Mwaka wa 1948 ikatangazwa Tsavo. Uhuru ulikuja, lakini neno "skwota" bado tunalisikia nyumbani kila siku, na ada ya watalii wanaoingia Tsavo hukusanywa na Shirika la Wanyamapori la taifa huku kaunti ikidai mgao wake. Mtaita aliyezaliwa pembeni mwa shamba la mkonge hakushindwa mbio na Mfini. Mfini alipewa cheti cha shamba.

La tatu ni dogo, na wengine watanicheka, lakini ndilo nililotaka kusema kabla ya ile kengele. Mwaka wa 1943, Ufini ikiwa katikati ya vita, ilipitisha sheria kwamba kila mtoto wa shule ya msingi apewe chakula cha mchana bure, na kufikia mwaka wa 1948 sheria hiyo ilikuwa inafanya kazi nchi nzima. Wakati huo nchi ilikuwa imebomoka, tena inalipa fidia ya vita kwa Urusi, deni ambalo halikuisha mpaka mwaka wa 1952. Hawakuwa matajiri wakagawa chakula. Waligawa wakiwa na deni. Kilichotoka jikoni kilikuwa uji na supu, na watoto wenyewe walichuma matunda msituni na kusaidia katika bustani ili sufuria ijae.

Mnajua kwa nini limenigusa. Mwaka wa ukame mtu huona ni dawati gani liko tupu. Mwenye dawati hakuugua. Nyumbani mahindi yamekauka au ndovu wamepita, karo haijalipwa, na pure ya saa saba hailiwi na ambaye jina lake haliko kwenye orodha. Rafiki yangu mmoja alikuwa akikaa nyuma ya maktaba saa ya chakula, akisema anasoma. Nilimwamini kwa muhula mzima.

Sasa wa upande wa kuunga mkono watasema Ufini ilikuwa na misitu ya kuuza mbao na karatasi. Ni kweli, sikatai. Na sisi tuna mbuga, mkonge, vito vya kijani vinavyoitwa tsavoraiti kwa jina la Tsavo yetu, maji ya Mzima, reli na barabara kuu inayopita mlangoni. Hata Wafini wenyewe wanatujua: Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti pale Wundanyi, na watafiti wake wanapima misitu ya mawingu kama Ngangao, yenye hekta 120 hivi tu zilizobaki. Wametoka kote huko kuja kuhesabu miti yetu.

Hoja ya muhula ujao nimeshampa katibu wa Chama, imeandikwa vizuri kwa wino: "Chakula cha mchana shuleni kisiwe cha mwenye karo pekee." Nimeomba niwe msemaji wa kwanza.