Chupa ya Sumu, Kiko na Pembe ya Chuku



MJOMBA: Umefunga nini kwenye kanga?

MPWA: Chupa ya dawa ya kizamani. Nimeipata sokoni Darajani kwa muuza vyuma chakavu. Ya buluu, ina pembe sita, na ubavuni ina michirizi iliyoinuka. Nilikuwa naenda kuisugua kwa mchanga na sabuni, nikaona nikuoneshe kwanza.

MJOMBA: Afadhali umekuja haijaguswa na maji. Fumba macho uipapase. Unajuaje kwamba si chupa ya marashi?

MPWA: Inakwaruza vidole.

MJOMBA: Ndiyo kazi yake. Uingereza ya karne ya 19, sumu ilikaa kabati moja na dawa ya kikohozi, na mgonjwa aliamka usiku akapapasa gizani. Watu walikufa kwa kukosea chupa. Mwaka 1851 Bunge lao likapitisha sheria ya aseniki: muuzaji aandike kitabuni nani amenunua, na unga wenyewe utiwe masizi au nili usije ukadhaniwa sukari. Mwaka 1868 ikaja sheria nyingine, sumu iandikwe wazi kuwa ni sumu. Watengeneza chupa wakaongeza rangi na michirizi, mkono upate habari hata jicho lisipoona.

MPWA: Na umri wake nitaujuaje?

MJOMBA: Pitisha ukucha kwenye mshono wa ubavuni, upande nao. Umekomea wapi?

MPWA: Shingoni, chini ya mdomo.

MJOMBA: Basi mdomo ulimaliziwa kwa mkono, baada ya chupa kutoka kwenye kalibu. Ungepanda mpaka ukavuka mdomo, ningekwambia ni ya mashine. Mashine ya Michael Owens wa Toledo, Marekani, ile iliyofanya kazi yote yenyewe, ilipata hataza karibu mwaka 1903. Na ujihadhari na chupa za zambarau iliyokolea. Kioo kisicho na rangi kikiwa na manganizi hugeuka zambarau taratibu juani, lakini wapo wanaokipiga mionzi ili kipande bei. Mimi hizo sizinunui.

MPWA: Bado hujaniambia kwa nini nisiioshe.

MJOMBA: Kwanza kwa ajili ya uhai wako. Ndani mwaweza kuwa na zebaki, aseniki au striknini, na miaka haiziondolei ukali wake. Kuna asidi ya pikriki, iliyokuwa ikitiwa kwenye majeraha ya moto. Ikikauka huweza kulipuka, na msuguano wa kizibo tu watosha kuiwasha. Kizibo kikikataa kufunguka, kiache hivyo hivyo, umwite mtu wa maabara. Halafu tazama hapa chini: ukoko wa kahawia, na kipande cha karatasi yenye jina la duka. Hizo ndizo habari za chupa. Ukiziosha, unabaki na kioo cha buluu ambacho hakina la kusema.

MPWA: Nimesikia yuko Mzungu aliyekusanya vitu hivi kuliko watu wote.

MJOMBA: Henry Wellcome. Mmarekani, mwaka 1880 akafungua kampuni ya dawa London pamoja na mwenzake Silas Burroughs. Vidonge vyao vilipangwa kwenye masanduku ya safari. Msafiri Stanley alikuwa na masanduku hayo alipopita hapa Unguja mwaka 1887, akachukua wapagazi wetu na kuondoka na mfanyabiashara Tippu Tip kumfuata gavana Emin Pasha. Baadaye Wellcome akawatuma mawakala dunia nzima kumnunulia vitu vya tiba. Alipofariki mwaka 1936 aliacha vitu zaidi ya milioni moja, vingi bado vimo ndani ya makasha. Namheshimu kwa hamu yake, ila alinunua kuliko alivyoweza kuuliza. Wewe nunua kimoja, kisha uliza mpaka muuzaji achoke: kilitoka nyumba gani, nani alikitumia, kwa ugonjwa gani. Andika siku hiyo hiyo.

MPWA: Na kile cha kifuu pale rafuni?

MJOMBA: Kile ndicho nikipendacho kuliko vyote. Kiko cha maji, kamili. Hili juu ni bori, la kutilia tumbaku. Mti huu unaoshuka majini ni digali. Kifuu chenyewe, chombo cha maji, ndicho kiko hasa. Na huu unaokwenda kinywani ni shilamu. Siku hizi utaletewa bori peke yake, au kifuu bila digali, maana wauzaji wenyewe hawajui tena kwamba ni kitu kimoja. Usikatae vipande, lakini usiungeunge bori la huku na kifuu cha kule ukakiita kiko kimoja. Huo ni uongo, na ajaye baada yako atauamini.

MPWA: Viko vya Wazungu, vile vya udongo mweupe, navyo ni hivyo?

MJOMBA: Hivyo hata vikivunjika vinasema. Mwaka 1954 Mmarekani J. C. Harrington alionesha kwamba katika viko vya Kiingereza tundu la shina lilizidi kuwa jembamba kadiri miaka ilivyokwenda, toka karne ya 17 hadi ya 18. Wachimbaji wa mambo ya kale hupima vipande vingi kwa pamoja wakakadiria enzi ya mahali. Kipande kimoja hakitoshi kukupa mwaka.

MPWA: Naona na pembe ya chuku. Hii nta nchani niitoe?

MJOMBA: Iache. Mpiga chuku alivuta hewa kwa kinywa kupitia tundu hilo, kisha akaliziba kwa nta, pembe ikashika ngozini. Wewe usiijaribu kinywani, imepita kwenye damu za watu.

MPWA: Yuko mtu Bara ananiahidi tunguri za mganga aliyefariki. Anasema mgeni mmoja atazinunua kwa dola.

MJOMBA: Mwulize watoto wa mganga wamekubali, au amezichukua tu msibani? Tena huko Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na vitu vya namna hiyo havitoki nchini bila kibali. Kama wenyewe wameridhia, nenda ukakae nao, wakueleze kila tunguri ilitiwa nini. Kama hawajaridhia, mwambie huyo bwana azirudishe.