SOMO: MGENI KATIKA SIKUKUU YA WENYEJI

Masomo: Mambo ya Walawi 23:33-43, Kumbukumbu la Torati 16:13-15, Luka 14:7-14, 1 Wakorintho 10:25-31



Wengi wetu katika mtaa huu hatukuzaliwa chini ya Mlima. Tumeletwa Moshi na kazi, na ndoa, na biashara. Wengine twatoka Tanga, wengine Dodoma, na wengine wamevuka bahari. Kila Desemba twaona jambo moja. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hufika yamejaa, na magari hupanda kwenda Marangu, Kibosho, Machame na Rombo. Wachagga wanarudi kwao. Hata treni ya abiria, iliyokuwa imekoma kwa miaka mingi, ilipoanza tena kufika Moshi mwaka 2019, ilianza mwezi huo huo wa Desemba. Nasi tusio na kihamba hubaki mjini, tukitazama taa zinavyowaka mlimani.

Basi tujiulize: mgeni afanyeje katika sikukuu isiyo yake? Na mwenye sikukuu amtendeje mgeni?

1. Sikukuu za mwezi mpevu

Torati iliwaamuru Waisraeli kufanya sikukuu ya vibanda siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba, yaani mwezi ukiwa mpevu na mavuno yamekwisha kukusanywa. Katika Kumbukumbu la Torati twaona orodha ya watu wanaopaswa kufurahi: wana na binti, watumishi, Mlawi, yatima, mjane, na mgeni. Mgeni hakusahauliwa. Tena tuangalie jambo lingine. Kwa siku saba mwenyeji mwenyewe alitoka katika nyumba yake nzuri akakaa kibandani, ili akumbuke kwamba baba zake walikuwa wasafiri. Aliyekuwa na nyumba alijifanya kama asiye na nyumba. Katika hali hiyo si vigumu kumkaribisha msafiri.

Mataifa mengine nayo yana sikukuu ya mwezi mpevu wa majira hayo. Huko Vietnam, siku ya kumi na tano ya mwezi wa nane wa kalenda yao ya mwezi, hufanyika Tết Trung Thu, maana yake Sikukuu ya Katikati ya Vuli. Huangukia Septemba au mwanzo wa Oktoba. Ni siku ya watoto hasa. Usiku hutembea na taa za karatasi, nyingine zenye umbo la nyota, na hutazama ngoma ya simba. Watu wazima hukata keki nene za sikukuu vipande vidogo vidogo, wakala pamoja kwa chai. Watoto husimuliwa habari za Cuội, mtu aliyechukuliwa na mti wake mpaka mwezini, akakaa huko asiweze kurudi. Kumbe hata katika sikukuu yao ya furaha wanamkumbuka mtu aliye mbali na kwao.

Habari hizi haziko mbali nasi kama tunavyodhani. Mwaka 2015 kampuni ya Viettel ya Vietnam ilianza kazi ya simu nchini mwetu kwa jina la Halotel, na Wavietnam wakaja kuishi kati yetu. Septemba yetu si kama ya kwao. Hapa ardhi ni kavu na tunangojea mvua za vuli. Lakini mwezi unaotokea juu ya nchi hii ni ule ule unaotazamwa na watoto wao huko nyumbani. Je, yupo mtu aliyepata kumwuliza mmoja wao, “Leo kwenu ni siku gani?”

2. Tulivyojifunza sisi

Tulihamia Moshi kutoka Muheza. Krismasi mbili za kwanza, tulipotoka ibadani, tulifunga mlango tukala wali wetu wa nazi kimya. Tulisema, “Watu hawa wana wao kwa wao.” Watoto wetu walitusikia, nao wakaanza kusema hivyo hivyo.

Mwaka wa tatu jirani yetu, mtu wa Old Moshi, alibisha hodi. “Kesho mnapanda pamoja nami,” akasema. “Mama amesema nisifike bila ninyi.”

Tulipofika, mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa, na wanaume walikuwa wakigawa nyama karibu na migomba, kila kipande na mwenyewe kwa kadiri ya umri na ukoo. Mzee wa nyumba aliteka mbege kwa kata, akaonja yeye kwanza, kisha akatunyoshea. Tukajibu kwa haraka, “Sisi hatunywi pombe.” Hatukuishika hata ile kata. Ua mzima ukanyamaza.

Bibi ndiye aliyetuokoa. “Wapeni mtori,” akasema. “Aliyetoka njiani hupewa cha moto.” Tuliupokea kwa mikono miwili, tukasema “Aika,” neno pekee la Kichagga tulilolijua. Watu wakacheka, mazungumzo yakarudi. Jioni jirani yetu akatueleza kwa upole kwamba hakuna ambaye angetulazimisha kunywa. Tungeipokea kata, tukashukuru, tukampa anayefuata. Mbege ile ya ndizi na ulezi ilikuwa kazi ya siku kadhaa ya mikono ya mama yake, nasi tuliikataa kama maji machafu.

Siku ile tuliona na jambo kubwa. Ndugu wawili wa ukoo ule walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mmoja akaja ameshika jani la sale. Kwa desturi ya Wachagga, anayeombwa msamaha kwa jani hilo haimpasi kukataa. Wakapeana mikono mbele ya wote, ndipo chakula kikaliwa. Tulikuwa tumesoma Mathayo 5:23-24 mara nyingi. Siku ile tuliyaona maneno yale yakitendeka uani.

Tulipoaga, Bibi akauliza, “Na kwenu Muheza, sikukuu yenu mnaifanyaje? Mtatualika lini?” Hatukuwa na jibu. Miaka yote ile tulilalamika kwamba hatualikwi, wala sisi hatukuwa tumemwalika mtu yeyote.

3. Yatupasayo

Kwanza, mgeni akikataa kitu, asimkatae mtu. Kutokunywa si dharau. Dharau hutoka katika jinsi tunavyosema.

Pili, dhamiri ya mgeni ina nafasi yake. Mtume Paulo awaambia Wakorintho wale walichoandaliwa bila kuuliza-uliza. Lakini wakiambiwa kwamba kimetolewa kwa ibada nyingine, wajizuie. Nasi tukiambiwa kwamba kinywaji kinamwagwa kwa ajili ya mizimu, tujitenge kwa utulivu, bila kumhubiri mzee wa watu mbele ya wajukuu wake.

Tatu, wenyeji wakumbuke kwamba Kanisa letu nalo lilikuwa mgeni hapa. Wamisionari wa CMS walifika Moshi mwaka 1885 wakapokewa na Mangi Rindi, waliyemwita Mandara. Mwaka 1892 waliondoka, na mwaka uliofuata wakaja Walutheri wa Leipzig. Neno la Mungu lilianza katika mlima huu kwa wageni waliopewa mahali pa kulala.

Nne, asingoje mtu kuwa na nyumba kubwa ndipo aalike. Bwana wetu ametuagiza kuwaita wasioweza kutulipa. Mgeni naye anayo sahani ya kumpa mwenyeji.

Mwaka uliofuata, Jumapili ya mavuno, tulipika wali wa nazi na samaki tukamwalika Bibi. Alishuka na mkungu wa ndizi. Akaonja wali, akasema nazi imezidi. Kisha akaomba aongezwe.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani katika mtaa wetu atakayebaki peke yake Desemba hii? Tutaje nyumba, si kabila.
2. Umewahi kukataa chakula au kinywaji kwa namna iliyomwumiza mwenyeji? Ungesemaje leo?
3. Ni desturi gani ya jirani yako iliyokufundisha jambo la Injili?

Sala

Ee Bwana, uliyekuja kwako kama mgeni, utufundishe kupokea kwa shukrani na kualika kwa furaha. Ufungue milango yetu tuliyoifunga wenyewe. Amina.