Pua Iliyoziba na Hatari ya Macho

Wako kati yetu ambao pua zao huziba miezi mingi. Husema, "Ni mafua tu," wakanunua dawa pasipo kuuliza. Twawaonya hasa waliopita miaka 40, ambao mzazi au ndugu yao ana glakoma, yaani presha ya macho.

Dawa za kuzibua pua, kama pseudoefedrini, hubana mishipa ya damu puani. Walakini huweza pia kupanua mboni. Jicho ambalo njia ya maji yake ni nyembamba huenda likaziba ghafula. Ndipo huuma sana, huwa jekundu, taa huonekana ina duara za rangi, na mtu hutapika. Apelekwe hospitali siku iyo hiyo, hata ikiwa Jumapili: nuru iliyokwisha kupotea kwa glakoma hairudi.

Kilicho salama ni kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja na robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Dawa za kupulizia zenye steroidi hufaa wengi, ila mwenye glakoma apimwe presha ya jicho azitumiapo. Tena mweleze mganga habari za macho kabla hajakuandikia dawa ya pua.