Sifa za Objekti: Nani Ana Haki ya Kubadilisha Deni?

Wengi wetu tukifika mada ya objekti tunafanya hivi: tunaandika klasi, tunaorodhesha sifa zake, halafu kila sifa tunaipa njia ya kuisoma na njia ya kuibadilisha. Tunasema tayari tumeficha data. Kumbe hatujaficha kitu, maana kila mtu bado anaweza kuibadilisha anavyotaka.

Tuchukue mfano wa mwalo wa Mwigobero, hapa Musoma. Shangazi yangu hununua sangara pale. Daftari lake lina jina la mvuvi, kilo, bei ya kilo na deni, kwa sababu mvuvi akikosa hela ya mafuta ya injini hukopa kwa mnunuzi, kisha anakatwa kwenye samaki. Tuseme tunalihamishia daftari hilo kwenye programu, tukiwa na klasi mbili: Mvuvi na Mzigo. Kwa kila sifa tujiulize: nani ana haki ya kuibadilisha, na kwa tendo gani?

Kwanza, deni. Ukiruhusu mtu aandike mvuvi.deni = 0, basi yeyote anayegusa programu anaweza kufuta deni au kuliongeza, na mvuvi akija kulalamika hakuna pa kuangalia. Daftarini shangazi hafanyi hivyo. Anaandika "kakopa 30,000", "kalipa 20,000", ndipo anapiga hesabu. Programu nayo iwe na mvuvi.kopa(30000) na mvuvi.lipa(20000). Kila tendo liandike tarehe na likatae kiasi kilicho chini ya sifuri. Deni lenyewe liwe la kusomwa tu.

Pili, thamani ya mzigo. Kilo 40 kwa shilingi 8,000 ni 320,000. Ukiihifadhi thamani peke yake, halafu mzigo ukapimwa upya zikaonekana kilo 38, thamani itabaki 320,000 wakati ya kweli ni 304,000. Hapo shangazi amepunjwa 16,000. Dawa yake ni kutoihifadhi kabisa, ikokotolewe kila inapoulizwa. Kwenye Python, @property inakuwezesha kuandika mzigo.thamani kama sifa ya kawaida huku ndani hesabu ikifanyika. Bertrand Meyer alilieleza wazo hili mwaka 1988: anayetumia objekti asilazimike kujua kama jibu limehifadhiwa au limekokotolewa.

Tatu, kuna sifa zisizobadilika, kama siku mzigo ulipoletwa. Hizo zipewe thamani mara moja objekti inapoundwa, basi.

Sisi tunaosomea ualimu tutafundisha haya karibuni, na mwanafunzi atashika kile atakachotuona tukiandika ubaoni. Kwa hiyo jaribu hili leo: fungua kazi yako ya mwisho, ondoa njia zote za kubadilisha sifa. Rudisha zile tu ambazo unaweza kuzitaja kwa kitenzi ambacho hata mvuvi angekielewa: kopa, lipa, pima. Zilizobaki ziache nje.