ASILI YA BINADAMU NA MABAKI YA RUKWA: MWANAFUNZI AJIBU NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mara kwa mara mwanafunzi huuliza: "Shuleni tumefundishwa kuwa binadamu ametokana na viumbe waliofanana na sokwe. Madrasa tumefundishwa kuwa Allah (S.W.) alimuumba Adam (A.S.) kwa udongo. Kwenye mtihani niandike nini?" Wapo wanaoacha swali wazi kwa kuogopa kukufuru, wakakosa alama. Wapo pia wanaoanza kuionea haya dini yao. Kabla ya kukubali au kukataa, tulisome jambo lenyewe.

1. WATAALAMU WANASEMA NINI?

Hawasemi kuwa nyani alizaa mtu, wala kuwa sokwe wa Gombe watageuka watu. Wanasema kuwa binadamu na sokwe wana asili moja ya kale, na njia zao ziliachana yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Watoto hawafanani na wazazi wao kwa kila kitu. Wenye maumbile yanayofaa mazingira huishi na kuzaa zaidi, na vizazi vingi vikipita tofauti huwa kubwa. Charles Darwin wa Uingereza alieleza hoja hii mwaka 1859, na mwaka 1871 akaihusisha na binadamu.

2. USHAHIDI ULIOPO KARIBU NASI

(a) Mwaka 2013 ilitangazwa taya ya kiumbe wa jamii ya sokwe, aliyeishi miaka milioni 25 iliyopita. Ilipatikana katika Bonde la Ufa la Rukwa, na kiumbe huyo akaitwa Rukwapithecus, kwa jina la Rukwa yetu.

(b) Laetoli, kusini mwa Olduvai, mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kilifukua nyayo za zamadamu waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita.

(c) Maporomoko ya Kalambo yapo mpakani mwa mkoa wetu na Zambia. Juu yake, upande wa Zambia, yalipatikana magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa. Wataalamu walipima ni lini mchanga ulioyafunika uliona jua kwa mara ya mwisho. Mwaka 2023 walitangaza kuwa yana miaka isiyopungua 476,000. Mabaki ya kale zaidi yanayohesabiwa kuwa ya watu wa aina yetu, ya Jebel Irhoud nchini Morocco, yana miaka kama 300,000.

3. MABADILIKO YA UTAMADUNI

Mwili hurithiwa, lakini ufundi hufundishwa. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe bila mivuo. Kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Hakuna mtoto aliyezaliwa akiijua: alikaa na wazee, akatazama, akashika. Mafundisho yakikatika, ufundi nao hupotea.

4. BASI AJIBU NINI?

Andika: "Kwa mujibu wa nadharia ya mabadiliko..." kisha eleza kwa ukamilifu na kwa uaminifu. Kueleza kauli ya wataalamu si kutoa shahada. Ibn Khaldun, katika Muqaddimah ya mwaka 1377, alipanga viumbe kwa daraja, kuanzia madini na mimea hadi wanyama na mtu, akamweka nyani karibu na mtu. Hakufundisha nadharia ya leo, lakini hakuogopa kutazama.

Kuhusu itikadi, wanavyuoni wengi wameshika kuwa Adam (A.S.) aliumbwa moja kwa moja, bila baba wala mama. Wapo Waislamu wasomi waliojaribu kulifasiri jambo hili kwa njia nyingine. Mwenye swali alipeleke kwa ustadhi wake. Umri wa taya hupimwa maabara. Roho, amana na hesabu ya Akhera havipimwi kwa jiwe wala mfupa.

Wazazi nao wasimkemee mtoto anayeuliza. Akinyamazishwa nyumbani, atauliza kwingine. Na kudharau ushahidi ambao hatujausoma si uchaji Mungu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja kosa moja ambalo watu hulifanya wanapoieleza nadharia hii.
2. Umri wa magogo ya Kalambo ulijulikanaje?
3. Muulize mzee wako ufundi mmoja aliofundishwa. Nani anaujua leo?

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.