Dondoo muhimu: Unapolinganisha programu huria yako na nyingine

Anza na pale programu yako inaposhindwa. Nyaraka za SQLite zinafanya hivyo bila haya: zina ukurasa mzima wa matumizi yanayoifaa, na humo humo msomaji anaambiwa lini aende kwingine. Data iko upande wa pili wa mtandao? Wengi wanataka kuandika kwa pamoja? Tafuta hifadhidata ya seva, mathalani PostgreSQL, kwa kuwa SQLite huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja katika kila faili. Akishaambiwa ukweli huo, msomaji ataziamini na sifa utakazotaja.

Jedwali la tiki za kijani liache. Vigezo vyake huchaguliwa na mwenye jedwali, na ajabu yake hushinda kila mstari!

Taja toleo la kila programu na tarehe uliyolinganisha. Ukidai kasi, weka na msimbo wa jaribio ili mwingine alirudie.

Kabla ya kuchapisha, waombe wa upande wa pili wakague. Vue ilipojilinganisha na React katika nyaraka zake, ilimshirikisha mtu wa jamii ya React.